Kobe Aliyekuwa Mwepesi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai naiacha ipoe. Ni siku baba yangu alipomwinua kobe kwa mikono miwili, uani kwa mwenye duka mmoja kule Mbamba Bay, akamtikisa kidogo karibu na sikio, kisha akatabasamu. Nilikuwa sijamwona Baba akitabasamu kwa muda mrefu sana, ndiyo maana siku hiyo imenikaa.

Sikuwa na nia ya kuisimulia tena. Lakini jana ulikuja hapa, ukaketi hapo hapo ulipoketi sasa, ukaniambia kuna mwalimu mwenzako pale Kitai anahamishwa, ana kobe, na anatafuta mtu wa kumwachia. Ukasema utamchukua umpelekee mama yako, maana tangu mlipomzika mdogo wako mama yako haongei, anatazama ukuta tu. Ukasema kobe huishi kuliko binadamu, kwa hiyo huyo hatamfia. Halafu ukaongeza, umefurahi kweli, ukiniita vile unavyoniita kwa heshima tu, "Tena Mama mkubwa, gamba lake linang'aa." Mimi nikafumba macho. Ukadhani nimesinzia kwa ajili ya uzee wangu. Sikusinzia, mwanangu. Kimawazo nilikuwa nimerudi kwa Mama.

Kwetu Kitura, kule milimani, tulizaliwa wanne. Wa kwanza Kaspari, ndiye aliyewapa wazazi wangu jina la Baba Kaspari na Mama Kaspari. Wa pili mimi. Kisha Rozi, kisha mtoto wa mwisho ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri. Kaspari alichukuliwa na homa akiwa kijana anayeanza kunyoa ndevu. Rozi akamfuata, nywele tulizonyoa kwa msiba wa kaka yake zikiwa hazijaota vizuri. Yule wa mwisho alibatizwa na mkunga kwa maji ya kikombe, na hakufika asubuhi.

Kwa yule wa mwisho Mama hakulia. Alikunja kanga za mtoto, akazirudisha sandukuni, na kuanzia hapo akaacha kuniita jina. Jina langu Otilia, wewe unalijua, limekaa hata kwenye mlango wa choo changu pale nje, wajukuu walivyolichora. Lakini Mama akawa ananiita "wewe". Wewe, kuni. Wewe, maji. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, wenye kuposa wanapita na kuulizia, na bado nikisikia lile "wewe" nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba kulia. Nilidhani ana hasira na mimi kwa sababu ndiye niliyebaki. Mpaka siku katekista alipokuja kumuuliza mbona haonekani kanisani, nikamsikia akimjibu, "Kila ninayemwita jina, mwingine naye anamwita. Huyu mmoja simwiti." Nikaelewa kwamba huyo mwingine ni kifo.

Ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa. Hata mbuzi tuliyepewa na majirani ili Mama apate kitu cha kushughulika nacho, hakumgusa. Alisema chochote anachokishika kinamfia mkononi. Yule mbuzi alipougua na kufa, Mama aliniangalia tu, akaendelea kuchambua maharage.

Baba alikuwa mtu wa kahawa, na hakuwa na kitu kingine anachokijua duniani kwa uhakika. Kahawa alikuwa anaijua kwa vidole. Ikishaoshwa na kuanikwa, alikuwa anapita kwenye vichanja, anachota punje kiganjani, anazitikisa sikioni. Zikilia kavu, anauma moja. Jino lisipoacha alama, kahawa imekauka, ipelekwe. Ikiwa nzito mkononi, bado ina maji, na kahawa yenye maji huoza gunia zima. Nyepesi, kavu, safi, inayong'aa: hiyo ndiyo kahawa njema. Watu walikuwa wanamwita kutoka vijiji vya jirani aje awapimie kabla hawajateremka Mbinga.

Huko huko Mbinga, msimu wa kuuza kahawa, alikuwa anaonana na Bwana Salehe, mfanyabiashara aliyekuwa anapandisha chumvi na vitenge kutoka ziwani. Asili yake Kilwa. Mwaka ule Bwana Salehe akamwambia anafunga duka, anarudi kwao na mkewe, na kwamba uani kwake kuna kobe wawili ambao hataweza kusafiri nao. Mkewe angetafuta jirani wa kumpa mmoja. Mwingine Baba achukue akitaka. "Njoo uchague, Baba Kaspari. Kobe utakufa wewe, yeye yupo."

Baba aliporudi nyumbani hakula. Alikuja jikoni nilipokuwa nasonga ugali, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama yako anaogopa kupenda kitu kinachokufa. Mimi nimepata kisichokufa."

Nikateremka na Baba mpaka Mbamba Bay, huko ziwani, kwenye lori la mahindi. Wewe unalijua joto la kule, linakupokea ungali mlimani. Bwana Salehe hakuwapo, alikuwepo mkewe, Bi Mwanahawa, mwanamke mnene mwenye maneno machache, anafunga mizigo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatupeleka uani.

Kobe wa kwanza alikuwa amejichimbia kwenye udongo chini ya mihogo, anatafuna jani. Huyo aliwahi kuungua porini, watu walipochoma nyasi, kabla hajaokotwa. Upande mmoja wa mgongo ulikuwa na kovu kubwa la kijivu, limekwaruzika, na kipande cha ukingo hakipo. Ana tope mpaka shingoni. Wa pili alikuwa anakaa ndani, stoo, kwenye sakafu ya saruji karibu na mitungi ya maji, kwa sababu watoto wa nyumba ile walimpenda na hawakutaka apotee. Walikuwa wanampaka mafuta ya nazi. Alipotolewa nje juani, gamba liling'aa mpaka mimi mwenyewe nikasema, lo.

Bi Mwanahawa akamwonyesha Baba yule wa kwanza. "Mimi ningekupa huyu mwenye kovu. Huyu anakula, na mzito. Yule mwingine siku hizi chakula anachaguachagua."

Hapo ndipo, mwanangu, sisi watu wa milimani tulipojiponza kwa ujanja wetu. Tumelelewa kuamini kwamba mfanyabiashara akikusukumia kibaya, kizuri amekiweka nyuma. Kila msimu tunarudi kutoka sokoni tukisimuliana jinsi fulani alivyotaka kutupunja tukamshtukia. Baba akamtazama yule mama, akamtazama kobe mwenye kovu, akacheka kidogo puani. Akamwinua yule anayeng'aa. Akampima kwa mikono, mwepesi. Akamgonga mgongoni kwa kucha, mlio ukatoka mkavu. Akamsogeza sikioni, akamtikisa, akatabasamu.

"Huyu amekauka vizuri," akasema.

"Mgeuze basi umtazame chini," Bi Mwanahawa akamwambia.

"Mama, mimi nimepima kahawa tangu sijaoa."

Yule mama akabaki anamtazama. Nadhani hakuelewa kahawa imeingiaje pale. Akasema, "Haya, Mungu amweke," akatupa tenga na majani ya kumlalia. Baba akamwachia mfuko wa maharage tuliokuja nao, wakaagana vizuri. Nikampakata kobe njia nzima ya kupanda mlima. Nilifurahi kwamba hanilemei.

Nyumbani Mama akauliza ni nini. Baba akamweleza yote, na akamalizia hivi, "Huyu ndiye atakayetuzika sisi." Mama akaingia ndani. Lakini kesho yake nilimwona amechutama uani na majani ya maboga, anamsogezea mdomoni moja moja. Kesho kutwa tena. Akaanza kutoka nje asubuhi kumtafutia mahali penye jua, maana kwetu baridi unaijua. Akaanza kumsemesha. Mwanzo sikusikia anasema nini, nilisikia mlio wa sauti tu, na ule mlio peke yake ulinitosha.

Kisha akampa jina. Akamwita Baki. Baba aliposikia alitoka akaenda kusimama shambani peke yake, na tulimwacha.

Asubuhi moja nikawa narudi kisimani na ndoo kichwani, Mama yuko uani na kobe wake. Bila kugeuka akasema, "Otilia, mletee Baki maboga." Nikasimama pale pale. Maji yakawa yananimwagikia shingoni na mgongoni, sikutaka kusogea, nisije nikaharibu. Sijui nilikaa muda gani hivyo. Mwanangu, mimi nimeolewa, nimezaa, nimeona wajukuu, lakini nikiulizwa siku njema ya maisha yangu nitasema ni ile, nimelowa, nimeitwa na mama yangu.

Haikudumu. Baki akaanza kuacha chakula. Ikaja harufu. Tulilaumu shimo la maganda ya kahawa, tukalifukia, harufu ikabaki. Baba akasema kobe ameingiwa na unyevu, dawa ya unyevu ni jua. Akampandisha kwenye kichanja, katikati ya kahawa, jua la mchana, hana pa kujificha. Hakuwa mtu katili. Alifanya kile alichokuwa amekifanya maisha yake yote, na kilikuwa hakijawahi kumwangusha.

Mama akarudi kutoka shambani akamkuta kule juu. Akamshusha, akaketi naye, akamweka mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu kobe yule aingie kwetu mtu akamgeuza. Gamba la chini lilikuwa na mabaka meusi na mashimo madogo madogo. Karibu na mguu wa nyuma kipande kilikuwa kimebanduka. Mama akaweka dole gumba, akabonyeza taratibu, na dole likazama kama kwenye parachichi lililoiva. Kikatoka kimaji chekundu, na ile harufu ikajaa uani.

Bwana mifugo aliitwa, akaja, akamwosha, akampaka dawa ya zambarau. Akasema ugonjwa ule ni wa siku nyingi, wa kulala penye maji maji, na umeshaingia ndani. Ndani ya gamba lile zuri kobe alikuwa amekonda, ndiyo maana alikuwa mwepesi. Sisi tulidhani ni ukavu.

Mama hakupandisha sauti. Alimtazama Baba na kobe yuko bado mapajani, akasema, "Baba Kaspari, umeniletea mwingine wa kuzika."

Baki alipokufa, Mama akamzika mwenyewe. Ilikuwa wakati wa kuandaa ngoro, tumeshafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari ili tuzifukie udongo na kuacha mashimo katikati, kama tunavyolima siku zote. Akamlaza Baki chini ya nyasi, akafukia, akapanda maharage juu yake. Maharage yalipokomaa, tuta lile hakulivuna, wala hakuruhusu mtu alivune. Na mimi nikarudi kuwa "wewe".

Baba aliteremka tena ziwani kumtafuta yule mwenye kovu. Akakuta duka limefungwa, Bi Mwanahawa ameshaondoka, na kila aliyemuuliza habari ya kobe alimshangaa. Akarudi na usipa, wale samaki wadogo wa kule, fungu moja, kama mtu aliyekwenda sokoni tu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ningependa kukuambia kwamba siku moja alifunguka. Hakufunguka. Nilikuja na watoto wangu, akawa anawalisha, anawaogesha, lakini yeye hakumwita hata mmoja wao kwa jina. Alipolala kitanda cha mwisho nilikuwa nimemshika mkono, nikamwambia, "Mama, ni mimi, Otilia." Akainua mkono wake, ambao hata kijiko ulikuwa hauwezi kukishika, akaniziba mdomo. "Usilitaje," akasema. Alikufa ananilinda.

Tukiwa tunajiandaa kumaliza matanga, nilitumwa Mbamba Bay kununua usipa wa kulisha watu. Nikaelekezwa kwa mama mmoja anayeanika uani kwake, na pale kando ya mikeka ya usipa, kwenye udongo, alikuwepo kobe mwenye kovu la kijivu mgongoni na ukingo uliokatika. Yule mama akaniambia aliachiwa na mke wa mwenye duka, zamani, wakati anahama. Nikaomba nimwinue. Alikuwa mzito, mwanangu, mikono iliniuma. Nikamgeuza, nikabonyeza huku na huku, gamba gumu kila mahali, halinuki chochote ila udongo. Akanitolea mguu, akanisukuma, anataka ashushwe aendelee na shughuli zake. Nikakaa chini kwenye mchanga wa watu nikalia, na yule mama akadhani nalia kwa ajili ya msiba tu.

Niliporudi nikamsimulia Baba. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja. "Alikuwa mzito?"

"Mzito, Baba."

Akatikisa kichwa kukubali. Mwaka ule watu walipomwita aje awapimie kahawa, aliwaambia watafute mtu mwingine, na hakupima tena mpaka anakufa.

Sasa unielewe kwa nini neno lako la jana lilinichoma. Linang'aa. Mwanangu, gamba la kobe halitakiwi kung'aa kwa mafuta. Nenda Kitai, umuulize mwalimu mwenzako kwa upole kama huwa wanampaka kitu. Kama wanampaka, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kitambaa, uje umtazame kesho yake akiwa vile alivyo, maana mafuta hufunika mengi. Mwinue. Kobe mzima anakulemea kuliko ulivyotegemea kwa ukubwa wake. Ukimwona mkubwa halafu mikono haichoki, mrudishe chini. Kisha mgeuze, usimwache chali muda mrefu, mtazame tumboni kabla ya mgongoni. Bonyeza taratibu kwa dole, katikati, pembeni, na pale gamba la juu linapoungana na la chini. Kwa aliyekomaa pasibonyee popote. Yule mtoto bado ana ulaini kidogo, lakini hata yeye asizame dole. Mnuse, usione aibu. Tafuta mashimo, mabaka meupe ya unga unga, wekundu chini ya gamba, vipande vinavyobanduka vikiwa na unyevu. Na ukiona kovu kavu, gumu, lililofunga, usilikimbie. Kovu la namna hiyo maana yake aliumia akapona.

Halafu nenda utazame anapolala. Mwenyeji akikuambia huyu hali vizuri, msadiki, usijifanye mjanja kama sisi. Na ukaulize kwa watu wa wanyamapori kuhusu kibali, msije mkanyang'anywa mama yako ameshamzoea. Ukimkuta mgonjwa, msaidie umpeleke kwa mganga wa mifugo, ni kiumbe cha Mungu. Ila usimpelekee mama yako. Mama yako asizike tena kwa sababu wewe ulikuwa na haraka ya kumfurahisha.

Na hata akiwa mzima kabisa, sitakudanganya kwamba atamponya. Mimi sijui kama kuna kinachomponya mama wa namna hiyo. Huenda ingesaidia uende wewe, uketi naye, uvumilie kutazama ukuta pamoja naye. Nasema huenda.

Njoo hapa nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe macho ya kutazama chini ya vitu. Akujalie mama yako akuite jina lako kila siku atakayoishi, akuite kwa sauti, bila hofu, mpaka ulichoke kulisikia. Na siku ikifika, ninyi mumzike yeye. Yeye asimzike mtu tena.